Mwiko wa Butoyi

Saa kumi alfajiri, Katubuka bado imelala.
Mimi nimeshaamka, na kabla sijagusa chochote
nanawa, sabuni ya mche, mpaka kwenye viwiko.
Kanga yangu ya ngano inalala nje kwenye kamba.
Haivuki kizingiti.

Nauza maandazi. Mwaka wa kumi na moja huu.
Ngano imenilipia kodi, imenilipia bati,
ikanilipia na kipimo cha damu
kilichosafiri hadi Mwanza na kurudi na jina la adui:
ngano.

Mapacha wangu, Bukuru na Butoyi,
walilala tumbo moja, wakanyonya kwa zamu,
andazi moja waligawana kwa kulivuta,
kila mtu upande wake, mpaka likatike.
Mmoja akanenepa. Mmoja akabaki miguu na tumbo.
Tulimpa dawa ya minyoo. Tukampa ya amiba.
Shangazi yao akaleta mizizi kutoka Kasulu,
ikachemshwa, ikanyweka, ikatapikwa.
Na mimi, mama, kila asubuhi, ili apate nguvu,
nilimchagulia andazi kubwa kuliko yote.

Nikisimulia, hapo ndipo ninaponyamaza.

Pale Maweni daktari aliandika kwa mwandiko unaosomeka:
Asile ngano. Maisha yake yote.
Akataja na neno gluteni. Nililirudia njiani, juu ya bodaboda,
gluteni, gluteni,
kama mtoto aliyetumwa dukani.

Siku ileile nilinunua mwiko mpya soko la Mwanga,
nikaufunga uzi mwekundu.
"Huu ni mwiko wa Butoyi."
Bukuru akauliza, "Wa kusongea, au wa kukatazwa?"
Ana miaka saba.
Yote miwili, nikamwambia, sogeza kuni.

Watu nao. "Kidogo hakimuui."
"Mtoto wa muuza maandazi hali maandazi, dunia!"
"Huo si ugonjwa wetu, huo wa wenye friji."
Kwenye arobaini ya jirani, mkono wenye huruma
ulimpenyezea kipande cha chapati.
Usiku kucha tulikesha mlangoni mwa choo, mimi na yeye na taa.
Mwenye mkono hajui kuwa namjua.
Namsalimia.

Muhogo wangu naupeleka kwa Ruhaga kabla ya foleni,
mashine yake haijaonja cha mtu.
Anapitisha pumba kwanza, kuisafisha koo,
ananitoza za pumba, ananitoza za muhogo.
Nalipa.
Tena tusiseme amenyimwa kila kitu:
ugali wa muhogo unaovutika, maharage ya mawese,
ndizi, viazi, mgebuka mpaka kichwa chake.
Ziwa zima halina ngano.

Lakini andazi ni andazi.
Nilijaribu la muhogo, likapasuka ndani ya mafuta
kama udongo wa kiangazi.
Butoyi alikula mawili, kwa adabu, kama mgeni.
"Matamu," akasema, akaomba maji.
Na Bukuru alikuwa akila lake nyuma ya banda la kuku,
akijifuta mdomo kwa mkono wa shati.
"Umekula." "Sijala." "Nasikia harufu."
Maneno hayo tu, kila siku, bila kelele.
Afadhali wangepigana.

Sasa karai la kwanza ni la mchele:
vitumbua, mafuta mapya, moto mdogo.
Vikiiva navifunika, navipandisha juu ya kabati,
ndipo natoka kuifuata kanga yangu kwenye kamba
na kufungua kiroba cha ngano.
Mji wote unakula baada ya Butoyi.

Jana Bukuru aliamka mapema, hajaitwa,
akakaa kigoda kimoja na pacha wake.
Kitumbua hakivutiki kama andazi.
Kilikatika vibaya.
"Yako kubwa!"
"Yako ndiyo kubwa!"
"Mama, mwone!"
Wakagombana mpaka jirani akagonga bati.

Sikuwaamulia.